Kinywaji cha machungwa chenye povu: namna ya kukirudisha jikoni kwako

SWALI: Nilisoma California mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumamosi tulikuwa tunapita kwenye jumba la maduka kununua Orange Julius: ya baridi sana, tamu, rangi ya chungwa iliyopauka, na juu povu zito linalobaki kwenye mdomo wa juu. Sasa nimestaafu, naishi Morogoro, na wajukuu wanakuja likizo. Nataka wakionje. Nimejaribu kusaga machungwa, maziwa na barafu. Mara maziwa yanakatika, mara inatoka juisi ya majimaji tu, mara inakuwa chungu, na povu linazama kabla sijamimina glasi ya pili. Ndugu yangu ananiambia nitie aiskrimu ya vanila. Nakosea wapi? Na je, naweza kuandaa mapema? Watakuwa kumi na wawili.

JIBU: Shikamoo mama. Umenirahisishia kazi, kwa sababu umezitaja kasoro zote moja moja, na kila moja ina chanzo chake. Nikutoe hofu kwanza: machungwa unayopata Morogoro yanafaa kabisa. Kinachopungua kwenye blenda yako ni juisi iliyokolea, protini ya kushika povu, na baridi ya kutosha. Ukivipata hivyo vitatu, wajukuu watakunywa kitu ambacho utakitambua kwa funda la kwanza.

Historia ya kinywaji chenyewe inasaidia kuelewa kwa nini maziwa yamo. Mwaka 1926 Julius Freed alifungua kibanda cha juisi ya machungwa jijini Los Angeles. Dalali aliyemtafutia eneo, Bill Hamlin, alikuwa na tumbo lisilovumilia ukali wa machungwa, akatafuta mchanganyiko wa kuipoza juisi. Alichopata kilikuwa laini, chenye povu, na wateja wakakipenda kuliko juisi yenyewe. Husimuliwa kwamba mauzo ya kibanda yalipanda kutoka dola 20 kwa siku hadi dola 100. Mwaka 1964 kinywaji hicho kilikuwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kisha majumba ya maduka yalipoenea Marekani, nacho kikaenea nayo. Mwaka 1987 kampuni ilinunuliwa na Dairy Queen, kampuni ya aiskrimu ya Marekani. Wewe ulikunywa kabla ya hapo, enzi ambazo mteja akitaka aliongezewa hata yai bichi ndani ya glasi yake.

Mchanganyiko wa dukani ulikuwa siri ya kampuni, lakini viungo vyake vikuu vimetajwa kwa miaka mingi: barafu, juisi ya machungwa, kitu cha kutia utamu, maziwa, unga wa ute wa yai na vanila. Aiskrimu haimo. Ndugu yako hakosei kwamba aiskrimu ya vanila na chungwa vinapendana, lakini utapata kinywaji kizito cha kunywea kijiko. Mafuta ya aiskrimu hulikandamiza povu, na povu ndilo unalolitafuta. Hiyo waandalie siku nyingine.

Sasa tuje kwenye umajimaji, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Piga hesabu kidogo na mimi. Ukichukua glasi ya juisi freshi, glasi ya maziwa na bakuli la barafu, ladha ya chungwa imeshapungua nusu kwa maziwa, na barafu ikianza kuyeyuka imepungua tena. Hakuna sukari wala vanila itakayoirudisha. Wamarekani wengi wanaokitengeneza nyumbani hawatumii juisi freshi. Wanatumia kopo la juisi nzito iliyogandishwa, lile la mililita 177, ambalo kwa kawaida huchanganywa na makopo matatu ya maji kupata juisi ya kunywa. Kwenye kinywaji hiki wanalitia kopo zima na kikombe kimoja cha maji na kikombe kimoja cha maziwa. Kwa hiyo hata baada ya maziwa kuingia, chungwa bado lina nguvu kama juisi kamili. Siri iko hapo, mama. Maziwa yanaingia mahali pa maji, hayaingii juu ya maji.

Juisi hiyo nzito nayo ina kisa chake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitaka namna ya kuwapelekea askari juisi yenye vitamini C bila kuharibika. Juisi ikichemshwa ipungue hupata ladha ya kupikwa na harufu yake inapotea na mvuke. Wataalamu watatu wa Florida, Louis MacDowell, Edwin Moore na Cedric Atkins, wakaja na njia ambayo hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, ilitoka mwaka 1948: unaipunguza juisi maji kwa joto dogo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, unaizidisha uzito kupita unaoutaka, kisha unairudishia juisi mbichi kidogo ili harufu irudi, ndipo unaigandisha. Nakueleza haya kwa sababu kanuni yake, kukolea bila kupikwa na harufu kurudishiwa mwishoni, tutaitumia jikoni kwako bila mtambo wowote.

Makopo hayo ni shida kuyapata hapa kwetu, na maboksi ya juisi ya dukani hayawezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa yameshatiwa maji tayari. Zile juisi za chupa za kuchanganya na maji usizitumie kabisa. Nyingi ni sukari, rangi na manukato, na maziwa yakikutana nazo unapata ladha ya dawa ya kikohozi ya watoto. Tumia friza.

Kamua machungwa upate lita 1 ya juisi. Kwa machungwa ya wastani ni kama 12 hadi 16, kutegemea yana maji kiasi gani. Chuja, mimina kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, acha nafasi ya vidole vinne juu kwa sababu juisi ikiganda inatanuka, kisha ilaze kwenye friza usiku kucha mpaka iwe jiwe. Kesho yake fungua kizibo, pindua chupa juu ya jagi, ikae yenyewe bila kuminywa. Kitakachoanza kudondoka ni juisi tamu mno, nzito, ya rangi iliyokoza, maana sehemu yenye sukari na asidi nyingi ndiyo inayoyeyuka kwanza. Maji matupu hung'ang'ania kubaki barafu. Onja matone ya mwanzo, halafu onja tena baadaye, utaona utamu unavyopungua. Jagi likifika mililita 400, simamisha. Ndani ya chupa litakuwa limebaki bonge la barafu jeupe, lenye vitundu kama sifongo, karibu halina ladha. Usilichanganye na ile ya jagi. Watoto walitafune au ulitie kwenye maji ya kunywa.

Zile mililita 400 zimebeba sehemu kubwa ya utamu na ukali wa lita nzima, na kwa nguvu zinakaribia sana kopo la Kimarekani likishatiwa kikombe chake cha maji. Kwa hiyo hapo huongezi maji hata tone. Kama jiko lako lina joto kali, pindulia chupa ndani ya friji badala ya mezani. Itachukua saa nyingi zaidi lakini matokeo ni mazuri zaidi na usalama ni mkubwa zaidi.

Kuhusu uchungu, nadhani unayamenya machungwa na kuyatupa mazima kwenye blenda. Wengi tunafanya hivyo kwa juisi ya kawaida na haituumizi sana kwa sababu tunainywa papo hapo. Lakini kokwa za chungwa, ngozi za vitengele na ile sehemu nyeupe chini ya ganda zina viasili vya uchungu, na blenda inavitoa vyote. Kibaya zaidi, kuna aina ya uchungu unaojitokeza taratibu juisi ikikaa kwenye asidi yake, hasa kwa machungwa yasiyo na kokwa yenye kitovu. Juisi yake ni tamu ikikamuliwa, saa chache baadaye inachukiza. Sasa wewe unakwenda kuilaza usiku mzima na kuikoleza mara mbili, uchungu mdogo utakuwa mkubwa. Kwa hiyo kamua kwa mkono au kwa kikamulio, usilikandamize ganda hadi tone la mwisho, na uchuje kokwa mara moja. Chagua Valencia, yale ya kokwa chache ambayo yamelimwa sana Muheza. Hayo yanavumilia kukaa.

Ganda lake kubaki kijani lisikutie shaka. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili lipoteze ukijani, na kwetu kwenye joto linaiva ndani huku nje likiwa kijani vilevile. Baridi hiyohiyo ndiyo inayokoza rangi ya ndani, ndiyo maana juisi yetu ni ya manjano kuliko ile uliyoizoea California. Ukitaka rangi ikaribie, changanya juisi ya machenza kidogo, kama nusu kikombe cha chai ndani ya lita moja, ya machenza yaliyoiva sana. Usione ni ulaghai: kanuni za Marekani zenyewe zinaruhusu hadi asilimia 10 ya juisi ya jamii ya chenza ndani ya juisi ya machungwa. Chenza linaongeza na harufu.

Na harufu hasa iko kwenye ganda, siyo kwenye maji ya tunda. Osha chungwa moja vizuri kwa maji ya uvuguvugu, likaushe, ukwangue ganda la juu kabisa kwa kikwangulio chembamba, ile rangi tu. Ukiona weupe, umeshapita. Changanya makwanguo hayo na sukari utakayotumia, uyasugue kwa ncha za vidole kwa dakika moja mpaka sukari ipate unyevu na chumba kizima kinukie. Mafuta ya ganda yameingia kwenye sukari. Hii ndiyo juisi mbichi ya wale wataalamu wa Florida, kwa namna ya jikoni. Kwa kuwa ganda letu ni kijani, kinywaji kitapata vidoadoa vya kijani. Ukitaka kiwe safi, iyeyushe sukari hiyo kwenye ile juisi nzito halafu uchuje.

Tuje kwenye maziwa kukatika. Maziwa yana protini inayoitwa kaseini, ambayo inaelea vizuri mpaka ukali wa mazingira yake ufike kiwango fulani, kama 4.6 kwa kipimo cha ukali kiitwacho pH, ambacho namba ikishuka ukali unazidi. Hapo inashikana na kuwa mabonge. Juisi ya chungwa ni kali kuliko hapo, mara nyingi kati ya 3.3 na 4.2. Kwa hiyo huwezi kuzuia kabisa maziwa yasibadilike. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba yanabadilika polepole, na kwa chembe ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi. Kinachoharakisha mabonge ni joto, na kinachoyavunja ni kasi ya blenda. Waulize watu wa Jamhuri ya Dominika, wenye kinywaji chao cha juisi ya machungwa na maziwa kiitwacho morir soñando. Sharti lao la kwanza ni kwamba maziwa yawe baridi sana na juisi iwe baridi sana kabla havijakutana, na barafu iwepo katikati.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi. Maziwa ya ng'ombe yaliyokaa yameanza kuchachuka kabla hujayasikia kwenye pua. Hayo yatakatika yakigusana tu na juisi, hata yawe ya baridi namna gani. Kama unanunua maziwa mabichi, yachemshe siku hiyohiyo, yapoe, uondoe utando wa mafuta juu, uyalaze kwenye friji mpaka yawe ya baridi kabisa. Mimi ningekushauri utumie maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Hayajachachuka, unayaweka uzito unaoutaka, na kukosa kwake mafuta kunalinda povu. Vijiko vya mezani 4 vilivyojaa kwenye mililita 200 za maji baridi yaliyochemshwa kabla vinatosha. Ukikosa yasiyo na mafuta, ya kawaida yanafaa, povu litapungua kidogo.

Basi limebaki povu lenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu kuna suala la usalama wa watoto.

Ukisaga juisi na maziwa pekee utapata povu, ila ni la mapovu makubwa yasiyo na ukuta imara, na ndiyo maana linakukimbia kabla ya glasi ya pili. Ute wa yai una protini ambazo zikipigwa hukunjuka na kushikana kuzunguka kila kiputo cha hewa, na asidi ya chungwa inazisaidia kushikana vizuri zaidi. Hilo ndilo lililokuwa likibaki kwenye mdomo wako wa juu. Kwa lita moja ya kinywaji, ute wa yai moja, kama gramu 30, unatosha. Kiini kisiingie hata kidogo, maana mafuta yake huua povu.

Lakini yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na wala baridi ya barafu wala ukali wa machungwa havitoshi kuwaua. Enzi zile watu walikunywa, ni kweli. Kwa watoto wadogo, mjamzito, mzee au mgonjwa mimi sikubaliani na yai bichi kwenye glasi, na wajukuu kumi na wawili hawawezi kukosa mdogo kati yao. Kuna njia mbili salama.

Ya kwanza na iliyo bora ni unga wa ute wa yai, huohuo uliokuwa dukani. Unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki mijini, kwa sababu wapambaji wanautumia kwenye aising ngumu. Soma pakiti: upo ulio ute mtupu na upo uliochanganywa na sukari na wanga. Wote unafaa, wa pili punguza sukari kidogo. Hakikisha pia imeandikwa kwamba umepitishwa kwenye joto la kuua vijidudu. Vijiko vidogo 2 vya ute mtupu ni sawa na ute wa yai moja. Shida yake ni kwamba haupendi kuharakishwa. Ukiutupa kwenye barafu unaganda vidonge. Uloweke kwanza kwenye ile juisi nzito kwa dakika tano, kisha ndipo usage.

Ya pili ni kupika ute na sukari juu ya mvuke. Tia ute wa yai moja na sukari yako kwenye bakuli la chuma, liweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu bila bakuli kugusa maji, ukoroge mfululizo mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71. Sukari inauzuia ute usiive kuwa yai la kuchemsha. Uondoe, upige kwa mchapo mpaka ufure na kung'aa, uache upoe. Huu utauingiza mwisho kabisa. Nimesema kipimajoto, na ninamaanisha kipimajoto. Kukadiria kwa kidole hakutoshi kwa jambo hili. Kama huna, basi acha yai kabisa, ongeza vijiko 2 zaidi vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Povu litakuwa dogo kuliko la dukani lakini litakaa dakika kadhaa, na hutalala na wasiwasi. Kwa asiyekula yai, maji mazito yaliyochemshiwa dengu, yaliyopoa na bila chumvi, yanafanya povu vizuri: vijiko vya mezani 3, na harufu yake haishindi chungwa.

Vipimo vya kuwatosha watu wanne ni hivi: ile juisi nzito mililita 400, maziwa baridi sana mililita 200 hadi 240, sukari vijiko vya mezani 4 iliyosuguliwa na ganda, vanila kijiko kidogo 1, unga wa ute wa yai vijiko vidogo 2, na barafu vipande 8 hadi 10. Onja juisi yako kabla ya kutia sukari yote, kwa sababu iliyokolezwa imeshabeba utamu wake. Ila kumbuka kwamba kitu cha baridi kinaonekana hakina sukari ya kutosha, hivyo kikiwa bado hakijapoa kiwe kitamu kupita kidogo unavyotaka. Ukiwa na sukari ya unga ya wapika keki, tumia hiyo, inayeyuka haraka. Vanila isizidi. Kazi yake ni kuifanya juisi ionekane na malai, siyo kunukia keki. Wenye jamaa Bukoba wanaweza kupata vanila halisi ya Kagera, ni nzuri sana, lakini ya chupa haitaharibu chochote hapa.

Utaratibu una maana kuliko vipimo. Tia juisi nzito, sukari, vanila na unga wa ute kwenye blenda, koroga, subiri zile dakika tano. Saga sekunde 15 utaona imeanza kupauka na kupanda. Tia barafu, saga kwa kushtuashtua mpaka usikie sauti ya mabonge imeisha na imebaki ya mchanga. Sasa kila kitu kimekaribia nyuzi sifuri. Ndipo, blenda ikizunguka, mimina maziwa kupitia kitundu cha mfuniko kwa mkondo mwembamba, na ukimaliza hesabu sekunde 10 uzime. Maziwa yameingia mwisho ili yakae na asidi kwa muda mfupi, na yameingia kwenye baridi na kasi, mambo mawili yanayozuia mabonge. Kama ulipika ute kwa mvuke, utie hapa, sekunde tatu tu. Usiendelee kusaga kwa kudhani povu litaongezeka. Mota inapasha joto, barafu inayeyuka, na unarudi kwenye umajimaji wako wa zamani. Jagi la blenda lisijae zaidi ya nusu unapoanza, maana kinapanda.

Glasi ziwe zimelala kwenye friza. Mimina kwa kuinua blenda juu kidogo, na kinywewe ndani ya dakika kumi. Kikikaa kitajitenga, povu juu na maji chini. Dukani pia kilijitenga, ila hamkukipa nafasi.

Mtu mzima ambaye maziwa yanamsumbua tumbo atumie yale yaliyoondolewa sukari ya maziwa, au aachane na maziwa aongeze barafu. Tui la nazi watu wa Pwani watalifikiria, na kwa ladha linakubali, lakini mafuta yake ni mengi na povu halitasimama. Mgonjwa wa kisukari asidanganyike kwamba ni juisi tu. Machungwa manne kwa glasi moja, yaliyokolezwa na kuongezwa sukari, ni mzigo mkubwa.

Kuhusu kuandaa mapema: kinywaji kilichokwisha kuchanganywa usikilaze. Ndani ya saa moja povu limekufa na maziwa yameshikana, na kukisaga upya hakukirudishi. Lakini juisi nzito inakaa kwenye friza wiki kadhaa bila shida. Kwa watu kumi na wawili unahitaji mitungo mitatu ya vile vipimo vya watu wanne, yaani juisi freshi lita 3. Zikoleze siku tofauti kadiri nafasi ya friza inavyoruhusu, kisha kila mililita 400 zigawe hivi: 250 kwenye chupa ndogo, na 150 zigandishe kwenye trei za barafu. Siku yenyewe ishushe chupa kwenye friji tangu asubuhi. Saga kwa kutumia vipande vya juisi badala ya nusu ya barafu ya maji, yaani vipande vinne au vitano vya maji tu, na kinywaji kitakuwa na chungwa lililosimama zaidi hata joto la Morogoro likiwa kali. Vipande vya juisi ni laini kuliko barafu ya maji, havitaisumbua blenda. Sukari iliyosuguliwa na ganda nayo unaweza kuiandaa siku moja kabla, kwenye kopo lililofungwa vizuri. Maziwa yachanganye asubuhi hiyo. Umeme ukikatika mchana kutwa na vipande vikaanza kuyeyuka, vitumie siku hiyo, usivigandishe tena.

Sagia mtungo mmoja, wanywe wanne, ndipo uanze wa pili. Waanze wadogo.